Si ndoto, ni gazeti la asubuhi

Wanaoandika kuhusu Arpita Singh, mchoraji wa India, hawakawii kulifikia neno "ndoto". Katika picha zake magari yanaelea, ndege zinapita katikati ya maua, mwanamke mtu mzima amekaa uchi, na bastola iko karibu naye kama kijiko kilichosahaulika mezani. Basi: usarealisti, sanaa ya mambo ya ndotoni, tumemaliza. Mimi naona huo ni uvivu.

Mama huyu alizaliwa Baranagar, Bengal, mwaka 1937, akakulia Delhi na bado anaishi huko. Amepitia kugawanywa kwa Uhindi, na mwaka 1984 alikuwa katika jiji hilohilo Masingasinga walipouawa baada ya waziri mkuu Indira Gandhi kuuawa kwa risasi. Kwa mtu wa namna hiyo, bastola kati ya maua haihitaji usingizi. Imo gazetini, na gazeti liko mezani pamoja na chai.

Halafu kuna suala la nguo. Alipotoka chuoni alifanya kazi katika kituo cha serikali cha wafumaji, na ukishalijua hilo huwezi tena kutazama kazi zake kwa jicho la zamani. Kingo zake zimejaa mapambo, herufi na tarakimu. Katikati ndipo watu walipo. Sisi tuliolelewa na kanga tunaujua mpango huo: pindo, mji, na maneno yake. (Na kanga zenyewe nyingi zinachapwa huko huko India, kwa hiyo tusishangae sana.)

Lakini kinachonifanya nimheshimu zaidi ni rangi za maji. Wengi wetu tunaziona kama mambo ya shule ya msingi, mazoezi kabla ya kufikia rangi za mafuta. Kumbe ndizo ngumu. Mafuta yanakuruhusu kufunika kosa. Maji yakishanyonywa na karatasi, yamenyonywa. Yeye hulikabili hilo kwa kuikwangua karatasi, anaondoa rangi na kuirudisha, mpaka uso wa karatasi unachakaa kama shuka iliyofuliwa miaka mingi. Miili ya wanawake wake, iliyolegea na kuchoka, inaipata ngozi yake hapo.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Miaka ya 1970 aliacha kabisa kuchora watu, akabaki na nukta na mistari ya wino, miaka kadhaa, ukurasa baada ya ukurasa. Nani leo angethubutu, na wafuasi wa mtandaoni wanasubiri picha mpya kila Ijumaa?

Mwaka 2010 mchoro wake mkubwa wa mafuta, Wish Dream, uliuzwa kwa rupia milioni 96, na habari zikawa za bei. Jumba la sanaa la Serpentine la London lilimfanyia maonyesho mwaka 2025, ya kwanza ya peke yake katika taasisi ya nje ya India. Alikuwa na miaka 87. Mimi niliyatazama kwa simu, nikikuza picha hadi ivurugike, nikijaribu kusoma maneno ya pembeni ambayo ua limekaa juu yake.