Jibwa Nyuma ya Geti

Bango la "Mbwa Kali" ni sehemu ya geti la Nairobi kama kengele ilivyo. Mwalimu wa Kiswahili angelisahihisha liwe "mbwa mkali", ila anayelengwa hajali sarufi. Kilichobadilika ni anayekaa nyuma yake. Penye mbwa wa kienyeji wa kilo 15 au 20, sasa watu wanatafuta Rottweiler, ambaye dume lake hufika kilo 50 na zaidi, au Boerboel wa Afrika Kusini anayeweza kukaribia 80.

Wanaowataka wana hoja. Mlinzi wa usiku husinzia, ukuta hurukwa, na jibwa halihitaji kung'ata mtu. Likisimama tu, mgeni wa saa nane usiku anaghairi safari.

Wanaowaogopa nao hawajazua. Uingereza, baada ya watu kuuawa na mbwa wa aina ya XL Bully, ilipiga marufuku kuwauza na kuwazalisha nchini England na Wales kuanzia tarehe 31 Desemba 2023, na kuanzia Februari 2024 kumfuga bila kibali ikawa kosa. Wapinzani walilalamika kwamba mbwa anahukumiwa kwa umbo huku mwenye mbwa akiachwa. Ni kweli, maana sheria yenyewe inatumia hata kipimo cha urefu: dume ni sentimita 51 kwenda juu. Lakini ule usemi wao kwamba hakuna mbwa mbaya ila mwenye mbwa mbaya, mimi naukubali nusu. Malezi mabovu kwa mbwa wa kilo 15 mara nyingi huishia kwenye mishono ya mguu. Malezi hayo hayo kwa wa kilo 60 yanaweza kuua mtoto. Uzito haumfanyi mbwa kuwa mkorofi, unapandisha tu bei ya kosa.

Na kosa letu kubwa linajulikana. Mtoto wa mbwa huletwa akiwa na wiki nane, anatiwa bandani mchana kutwa, anafunguliwa usiku, eti asizoee watu ndipo awe mkali. Wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndizo mbwa anazojifunza kipi ni cha kawaida duniani: watoto wanaokimbia, mwavuli, bodaboda, mtu mwenye kanzu. Ukimnyima hizo, unafuga woga, na mbwa mwoga hatofautishi mwizi na shangazi aliyekuja kusalimia. Wengine hujitetea kwamba wanamfungia kwa kuogopa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, kabla chanjo hazijakamilika. Hofu hiyo ina msingi, lakini mtoto wa mbwa hubebeka. Mpakate ukae naye getini atazame njia, na wageni waje wamshike.

Gharama ndiyo watu huifikiria mwisho. Chakula kila mtu anakiona, mifupa haionekani. Mbwa wa mbegu kubwa hukua kwa miezi 18 hadi 24, na kumnenepesha upesi au kumzidishia unga wa kalisi (kalsiamu) humharibia viungo badala ya kumkomaza. Nyonga mbovu hurithiwa, kwa hiyo muuzaji asiyekubali umwone mama wa watoto hao, au anayecheka ukiuliza picha za eksirei za nyonga za wazazi, mwachie mali yake. Kuna pia tumbo kujaa gesi na kujipinda, ambalo humuua mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu kwa saa chache. Mlo mmoja mkubwa kwa siku unaongeza hatari hiyo. Kuzuia kupe na kuchanja dhidi ya kichaa cha mbwa ni wajibu wa kila mfugaji, mbwa awe na ukubwa wowote.

Mwenye saa moja asubuhi na nyingine jioni ya kutembea naye, na uwezo wa kumlipa mkufunzi na daktari wa mifugo, amchukue bila wasiwasi. Lakini kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye watoto watatu na baba anayerudi saa tatu usiku, ningemchagua wa kienyeji aliyechanjwa. Atabweka vilevile, na bango halihitaji kubadilishwa.