Babu na Dada wa Kwenye Skrini

Waandaaji wa maonyesho walitutumia mwongozo wa washiriki, dude lina kurasa zaidi ya mia, umeme unaagizwaje, mzigo unaingilia geti lipi, mwisho wa kulipia intaneti ni lini, kila kitu kimo humo. Bosi akasoma ukurasa wa kwanza tu, ule wenye picha ya ukumbi, akasema "pazuri sana hapa", akafunga. Kuanzia siku hiyo maandalizi yote yakawa hotuba. Alikuwa na hotuba ya sekunde thelathini, nyingine ya dakika mbili, na nyingine ndefu ya mwekezaji akikubali kukaa chini, na zote alikuwa ananijaribia mimi, mi fundi jamani, nina bisibisi mkononi naambiwa hebu jifanye wewe ni mwekezaji.

Sisi tunatengeneza roboti wa mapokezi. Ana magurudumu, kimo cha mtu mfupi, kamera kichwani, akiona uso wa mtu anasogea, anasalimia, anauliza nikusaidie nini. Karakana nzima tunamwita Babu kwa sababu huyo hata ufanyeje haharakishwi.

Mwanzoni bosi alitaka Las Vegas, kwenye CES, yale maonyesho makubwa ya teknolojia ya kila Januari, si wakubwa wote wanaenda huko. Dada wa masoko akamfanyia hesabu. Kule Marekani kreti ikishafika ukumbini, kuisogeza tu kutoka mlangoni hadi kwenye banda lako unalipia kwa uzito, kwa kila ratili mia, na Babu si mwepesi. Bosi akagundua ghafla kwamba wateja makini wako Ulaya. Tukaangukia maonyesho fulani Ujerumani.

Huyo dada wa masoko ndo mtu pekee aliyesoma mwongozo wote, tena na kalamu ya rangi. Ndo aliyehakikisha hata mbao za kreti zimepashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30 na kugongwa muhuri, maana bila muhuri mzigo unazuiwa kwa kuogopa wadudu. Na ndo aliyeshughulikia ATA Carnet, ile wanayoiita pasipoti ya mzigo, mkataba wake wa Brussels wa mwaka 1961: vitu vyako vya maonyesho vinaingia nchi ya watu bila kulipiwa ushuru ilimradi vitoke vyote, na karatasi yenyewe haizidi mwaka. Vyote maana yake vyote. Bosi alitaka na kalamu za kugawa ziingie humo, akaambiwa kalamu haziendi humo bosi, zinagawiwa, hazirudi. Sasa dada akaandika orodha kwa uaminifu wa kutisha: roboti 1 na namba yake ya utambulisho, kompyuta mpakato 2, stendi ya bango 1, na kwa kuwa Babu alikuwa kavalishwa tai ili apendeze, tai nyekundu 1. Ikumbuke hiyo tai.

Tatizo la kwanza lilikuwa betri. Betri ya Babu ni volti 24, ampea-saa 20, ukizidisha unapata wati-saa 480. Kwenye ndege ya abiria, betri ya lithiamu ya akiba chini ya wati-saa 100 haina maneno, kati ya 100 na 160 unaomba kibali cha shirika la ndege, ikizidi hapo hampandi wote. Kwa kargo inaweza kwenda ila wanataka majibu ya UN 38.3, yale majaribio ya usalama wa betri, lebo za mzigo hatari, na makaratasi ya kutosha kuwashia moto. Wakala akatuomba hayo majibu. Bosi akasema majaribio tutafanya tukirudi, betri nitaibeba mwenyewe kwenye begi la mkononi.

Yule mama wa ukaguzi uwanja wa ndege akaitoa kwenye begi kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma lebo, akamwangalia bosi.

"Mzee, hii ni ya nini?"

Bosi na suti yake, katabasamu tabasamu la hotuba ya sekunde thelathini. "Ya simu."

Mama akainyanyua tena kidogo, akaishusha polepole. "Simu ya nani?"

Betri ikarudi na dereva aliyetuleta. Afadhali kwenye begi langu la nguo nilikuwa nimetupia pawasaplai ya mezani, ile tunayotumia karakana, kwa hiyo Babu angeweza kufanya kazi akiwa kwenye waya. Waya wenyewe mita mbili. Tumefika, banda letu ni mita 3 kwa 3, soketi iko kona ya nyuma kabisa. Ukitaka soketi sehemu nyingine ulitakiwa kuichora kwenye ramani na kuituma mapema, ukitaka siku ya kusimamisha banda inawezekana pia, ila bosi alipoambiwa bei alikaa kwanza. Basi ule msemo wa mbuzi na urefu wa kamba yake, Babu akauishi kwa vitendo: anatoka kona, anafika katikati ya zulia, waya unavutika, anasimama, anasema "Karibu" kwa hewa.

Halafu kuna waifai. Kichwa cha Babu kinasikia tu, kufikiri anafikiria kwenye seva, ukimuuliza swali linasafiri huko na jibu linarudi. Nikasema bosi, tulipie intaneti ya waya. Akasema waifai ya ukumbi si bure? Siku ya kusimamisha mabanda tukajaribu, ukumbi mtupu, Babu anajibu hapohapo, bosi ananiangalia kwa jicho la unaona sasa. Kesho yake milango ikafunguliwa wakaingia watu elfu na elfu, kila mmoja ana simu, saa, vitu vya masikioni, kila banda lina rauta yake, na Babu anatumia 2.4 GHz, masafa ya waifai ambayo chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Kwishney.

Asilani sitasahau ile asubuhi. Akaja dada mmoja anaharaka, akamuuliza Babu choo kiko wapi. Babu kimya. Dada akasubiri, akaona huyu bubu, akaondoka. Mara bosi anamleta mwekezaji, mwekezaji kweli, beji yake ina rangi ya peke yake. Yule bwana akainama kwa heshima akamuuliza Babu, "Niambie, kampuni yenu inawazidi wenzenu kwa lipi?"

Babu akawasha taa za macho. "Choo kipo mwisho wa korido, mkono wa kushoto."

Mwekezaji akacheka, mstaarabu tu, akageuka kuongea na bosi. Bosi kaingia hotuba ya dakika mbili, kafika pale pa kuuliza "na unajua wateja wetu wanatuambia nini?", akanyamaza kidogo kama alivyofanya mazoezi, Babu nyuma yake akasema kwa sauti ya juu, "Samahani, hilo sina uhakika nalo." Lilikuwa jibu la swali la kampuni yetu kuwazidi wenzetu. Limechelewa likafika mahali pake.

Jirani yetu upande wa kulia alikuwa mzee wa Kijerumani mtaratibu, na banda lake zima lilikuwa kebo. Kebo ukutani, kebo mezani, kebo zimening'inia juu. Tumehangaika na waya wa mita mbili tangu tufike tukiwa tumeegemea ukuta wa mtu anayeuza kebo. Mzee akanigusa bega, kijana, njoo. Akanipa ya umeme mita kumi, na kebo ya mtandao akachomeka kwenye laini yake ya kulipia, akakataa hela. Bosi akamshukuru kwa boksi mbili za kalamu. Pawasaplai nikaifunga mgongoni kwa Babu, nikawasha, akajibu papo hapo, jamani nilitaka kulia.

Kumbe zile mita mbili ndo zilikuwa zinatuokoa.

Ng'ambo ya njia, banda linalotazamana na letu, walikuwa wanauza skrini kubwa. Moja ilikuwa na urefu wa kama mita tatu, inaonyesha uso wa dada mmoja mrembo anatabasamu, anapepesa macho, anapotea, linakuja tangazo la bidhaa, halafu anarudi tena, hivyohivyo kutwa nzima. Sasa programu ya Babu ikiona nyuso nyingi inachagua ulio mkubwa kuliko zote, maana kawaida uso mkubwa ndo ulio karibu. Kamera ikamwambia kuna dada yuko puani kwako. Vihisi vya umbali vikamwambia mbele yako hakuna mtu. Babu akifika hapo dawa yake ni moja, anasogea taratibu mpaka kamera na vihisi vielewane, na leo ana mita kumi.

Nilikuwa nakunywa maji. Nageuka, Babu hayupo. Yuko katikati ya njia, tai imenyooka, anakwenda kwa dada.

"Karibu dada. Nikusaidie nini?"

Dada akatabasamu, akapepesa macho, akapotea.

"Samahani, sijakusikia. Rudia tafadhali."

Dada akarudi, akatabasamu upya. Babu akasogea kidogo. "Karibu dada. Nikusaidie nini?"

Unaambiwa watu walijaa. Wanarekodi, wanacheka, kuna mmoja anamshauri Babu aachane naye, waya umekata njia nzima kwa hiyo wa huku hawapiti na wa kule hawapiti, na kwa jinsi walivyosimama ungedhani ni shoo iliyopangwa. Bosi hakupoteza nafasi. Akapanda kwenye kiti cha banda akaanza hotuba ya sekunde thelathini, alipoona hawaondoki akaunganisha na ya dakika mbili.

Akaja mtu wa usalama wa ukumbi, fulana ya njano, redio kiunoni. Njia za ukumbini hazizibwi, ni sheria ya moto, nayo iko kwenye mwongozo. Akamsogelea Babu uso kwa uso mpaka kamera ikamwona yeye mkubwa kuliko dada.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

"Ondoka njiani!"

Babu kusikia habari za njia, kazi yake hiyo. "Choo kipo mwisho wa korido, mkono wa kushoto."

Jamaa hakucheka hata kidogo. Akafuata waya mpaka bandani kwetu, mi namkimbilia nyuma napiga kelele usichomoe, usichomoe, akachomoa.

Breki za Babu umeme ukikatika zinajifunga. Tuliziweka hivyo makusudi asije akabiringika kwenye mteremko akaua mtu, na zilifanya kazi vizuri sana. Sasa Babu kazima katikati ya njia na hasukumiki. Jamaa anasema mtoe, namwambia hatoki bila umeme, anasema umeme hapana kwa sababu waya uko njiani, namwambia ndio, na ili utoke njiani inabidi yeye aondoke kwanza, na ili aondoke anataka umeme. Akafikiri. Akaita mwenzake kwa redio. Mwenzake naye akaja akafikiri. Mwishowe tukambeba, mimi, bosi na suti yake, mzee wa kebo na kijana mmoja wa banda la skrini, Babu kalala mikononi mwetu anatazama dari, watu wanapiga makofi tunavyopita. Katika ile vurugu ya kupigana picha naye tai ikapotea. Hakuna aliyegundua.

Aliyegundua ni afisa wa forodha siku ya kuondoka. Karatasi za Carnet zina rangi zake, njano za kutoka na kurudi kwenu, nyeupe za kuingia na kutoka kwa watu, bluu za kupita njiani, na huyu afisa alikuwa na ile nyeupe mkononi anasoma mstari kwa mstari. Roboti 1, akaangalia namba. Kompyuta mpakato 2. Stendi ya bango 1. Akageuza ukurasa.

"Tai nyekundu, 1."

Tukaangalia shingo ya Babu. Dada wa masoko akafumba macho. Bosi, mwepesi kama kawaida, akajifungua tai yake shingoni akamkabidhi afisa kwa mikono miwili. Afisa akaitazama. Akatazama orodha.

"Hii ni ya bluu."

Bosi akasema inategemea na mwanga. Dada wa masoko akamkanyaga mguu.

Kitu kisipotoka kinahesabika kimebaki humo nchini, na kilichobaki kinatozwa ushuru. Ushuru wa tai moja ni vijisenti, ila karatasi zake zilikula muda kuliko Babu mzima na kreti yake, ndege tuliiwahi kwa kukimbia.

Tumerudi, zikapita siku, ikaja barua pepe kutoka kwa wale wa skrini. Wanataka kuagiza roboti wa mapokezi kwa ajili ya mabanda yao, wanauliza bei, na wanaomba programu ya kuchagua uso mkubwa isiguswe, iletwe hivyohivyo ilivyo. Wameambatanisha picha ya timu yao kwa kumbukumbu. Yule kijana aliyetusaidia kubeba amesimama katikati, kidole gumba juu, kavaa tai nyekundu.

Bosi akaitazama ile picha muda mrefu, nikajua sasa anapiga hesabu ya oda. Akaniita. "Kijana, hebu muulize dada, ile hela ya ushuru wa tai wanaweza kuturudishia?"