Ile filamu ya Tour de France ni ya kuonwa, tena ukutani, si kwenye simu

Juzi nilimwomba mwenye kibanda fulani cha video hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, atuwekee Wired to Win, filamu ya zile mbio za baiskeli za Ufaransa, Tour de France, siku ambayo hakuna mpira, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. "Ndugu yangu, nani atatoa hela yake aje aone wazungu wakikanyaga baiskeli?" Vijana waliokuwa kwenye benchi wakacheka sana. Pale sikujibu maana nilishapandwa na hasira, najibu hapa.

Jamani, sisi watu wa Busia ndio wa kusema hivyo? Mji huu umelelewa na baiskeli. Kabla pikipiki hazijajaa, abiria na mzigo wake alivuka mpaka amekaa kwenye keria, juu ya kamto ka sponji, na kuna wazee hapa waliosomesha watoto kwa hiyo keria tu. Mpaka leo wenzetu wenye ulemavu wanavusha mizigo kwa zile baiskeli za matairi matatu, unawaona wanavyozungusha kwa mikono na mishipa ya shingo imewatoka. Halafu mtu wa hapa hapa aniambie baiskeli haina cha kutazamwa.

Filamu yenyewe ilitoka 2005, lakini inahusu Tour de France ya 2003, ile ya kutimiza miaka 100 tangu mbio zianze 1903. Ni fupi, haifiki hata saa moja. Inafuata waendesha baiskeli wawili wa timu moja ya Ufaransa, Baden Cooke wa Australia na Jimmy Casper Mfaransa, na ilitengenezewa skrini za IMAX, zile ambazo picha inapanda juu kama jengo la ghorofa kadhaa.

Sasa huyo Casper ndiye sababu ya mimi kuandika. Hatua ya kwanza, yaani kipande cha siku moja cha hizo mbio, mji wa Meaux, mstari wa kumaliza unakaribia, watu wako kasi, kundi likaanguka. Casper akaumia shingo. Kesho yake akapanda baiskeli na kola shingoni, ile ya hospitali ya kushikilia shingo. Mtu ambaye hajawahi kuendesha kwa kuinama hawezi kujua hiyo maana yake ni nini: ukiinama kwenye usukani kifua kinaelekea chini, shingo ndiyo inainua macho uone barabara, kwa hiyo yeye kila alipotaka kuona mbele alikuwa anasukuma palepale panapouma, saa baada ya saa, kwenye mbio ambazo zote kwa jumla ni zaidi ya kilomita 3,400 na wiki tatu. Hiyo ukiiona kwenye simu ni kijana tu aliyevaa kitu shingoni. Ukiiona kubwa, sura yake imejaa ukuta mzima, unaanza kugeuza shingo yako mwenyewe bila kujua.

Tuliiweka uani kwa jirani, projekta ya kuazima na ukuta uliopakwa chokaa, na pale mbele alikaa mzee mmoja aliyebeba watu na sukari miaka mingi kwenye huu mpaka. Mzee huyo namkumbuka alivyoanguka na magunia, mkono ukavimba, asubuhi akaja stejini kaufunga na kipande cha tyubu. Filamu nzima hakusema kitu, ila Casper alipotokea na ile kola akaniinamia, "Huyu usiku halali upande wa kushoto." Basi, hakuongeza lingine. Maneno ya msimulizi yalikuwa ya Kiingereza tupu na mzee hakuyahitaji hata moja.

Nikubali, kuna sehemu zinachosha. Filamu inataka kueleza ubongo, unavyoamua, unavyozoea maumivu, unavyojifunza, kwa hiyo kila ukianza kunogewa na mbio unaingizwa ndani ya kichwa cha mtu na michoro ya kompyuta. Wengine watalala. Na ndiyo, mshindi wa 2003 alikuwa Lance Armstrong, na mwaka 2012 akanyang'anywa mataji yote saba kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Hilo linauma na halifutiki. Lakini filamu haikujengwa juu ya Armstrong, imejengwa juu ya watu wa kawaida wa lile kundi, wanaotoka jasho ili angalau washinde siku moja. Casper mwenyewe mwaka 2001 alimaliza Tour wa mwisho kabisa, 2004 tena wa mwisho, halafu 2006 akashinda hatua ya kwanza pale Strasbourg. Huyo mtu nisimwangalie kwa nini?

Na wanaosema ni mchezo wa mtu mmoja mmoja hawajautazama. 2003 kila timu ilikuwa na watu tisa, na kazi ya wengi wao ni kukata upepo ili mwenzao aliye nyuma aokoe nguvu, karibu theluthi. Hii madereva wa baiskeli barabara ya Tororo waliijua bila kufundishwa, ndiyo maana likipita Fuso lenye mzigo unaona wote wanajipanga nyuma yake.

Upande wa Cooke watu wa mpira ndio wangefurahi zaidi. Yeye anapigania jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi za kumaliza hatua mbele, dhidi ya Mwaustralia mwenzake Robbie McEwen, na wanaingia Paris bado haijajulikana ni ya nani, kama ligi inayoamuliwa mechi ya mwisho. Jean-Patrick Nazon akashinda ile hatua, Cooke wa pili, McEwen wa tatu. Hesabu ikatoka 216 kwa 214. Wiki tatu za milima na jua, tofauti pointi mbili!

Jezi hiyo hiyo ya kijani, 2024 aliivaa Biniam Girmay wa Eritrea mpaka mwisho, baada ya kushinda hatua tatu. Ndiyo maana nataka vijana waione. Kwenye Tour ya 2003 hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja kati ya waendeshaji 198, na ukitazama hilo kundi likijaa ukuta mzima utaliona hilo bila kuambiwa. Waafrika weusi wa kwanza, Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus, Waeritrea wote wawili, walifika 2015. Miaka tisa tu baadaye Girmay akaichukua jezi. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yakaja Kigali, mara ya kwanza Afrika, majirani zetu wamejaa barabarani, na zile mbio za wanaume alizoshinda Tadej Pogačar walizimaliza 30 tu. Kigali ni mwendo wa basi kutoka Kampala, na bado kuna mtu ananiambia baiskeli ni mambo ya wazungu.

Skrini ya IMAX hapa kwetu hatuna, na siwezi kudanganya kwamba ukuta wa uani ni sawa na skrini ya ghorofa. Ila ukipata picha yenye upana wa lori umeshapata nusu ya kitu chenyewe, na hiyo nusu inatosha. Kamera yenyewe ilikuwa mzigo, mkanda wake ni wa milimita 65 na mmoja hauzidi dakika tatu hivi, kwa hiyo kila kipande mtu alikaa akakifikiria. Barabara inaonekana mpaka kokoto.

Kwa hiyo mkiiweka, tafuteni ukuta mweupe, subirini giza liingie vizuri, wenye baiskeli wakae mbele. Na kama kuna viijei, yule wa kutafsiri filamu kwa sauti ukumbini, pale Meaux anyamaze kabisa, aache vyuma vigongane wenyewe.