Kipimo cha mzio: mwonyesheni mgonjwa kile kijisindano

Mtu akiambiwa atachomwa ngozi ili apimwe aleji, picha inayomjia ni sindano ya chanjo, tena kumi kwa mkupuo. Ukimwambia "usiogope, haiumi" ukaishia hapo, hujamsaidia. Mchomo wa kwanza tu, imani imekwisha. Nionavyo, aonyeshwe kifaa chenyewe kabla hajakunja mkono wa shati. Kinafanana na lanseti ya kutobolea kidole kwenye kipimo cha malaria, ila ncha yake ni fupi, kama milimita 1, na hakina bomba la dawa. Muuguzi hudondosha matone ya vitu vinavyoshukiwa kuleta mzio upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, yakiachana sentimita 2, kisha huchoma kidogo katikati ya kila tone. Damu haitakiwi kutoka. Ikitoka, amechoma kwa kina na jibu linaweza kupotoka.

Kero yenyewe ni muwasho. Tone la histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, huwekwa makusudi ili kuhakikisha ngozi inaitikia, kwa hiyo huvimba kama umeumwa na mbu hata kama huna mzio wowote. Utavumilia dakika 15 hadi 20 bila kujikuna. Kisha rula: uvimbe unaozidi ule wa tone la maji ya chumvi, linalowekwa kwa kulinganisha tu, kwa milimita 3 au zaidi ndio unaohesabiwa.

Wengine huogopa kuwekewa kitu kilekile kinachowadhuru. Hofu hiyo ina msingi. Kinachopenya ni kidogo mno na madhara makubwa ni nadra, lakini adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, lazima iwe karibu, na mwenye pumu iliyochachamaa aahirishiwe. Uliza bila haya: "Adrenalini ipo?"

Kosa linaloniuma zaidi ni la mgonjwa anayemeza Piriton, dawa ya kutuliza mzio, usiku wa kuamkia kipimo ili asiwashwe sana. Ngozi inanyamaza, hata histamini haivimbi, na nauli imepotea bure. Setirizini na loratadini, dawa za kundi hilohilo, kwa kawaida huachwa wiki moja kabla; dawa nyingi za mafua nazo zina kiambato cha namna hiyo. Pampu ya pumu usiiache, na dawa nyingine yoyote usiikatize kabla ya kumuuliza daktari.

Na ukivimba kwenye tone la karanga ilhali karanga unazila kila siku bila shida, mwambie daktari kabla hajakuandikia vyakula vya kuacha.