Mradi wa maji ukikabidhiwa kijiji, hukabidhiwa nini?

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilijipa miaka 20 kumsogezea kila mwanakijiji maji safi, yasizidi mita 400 kutoka nyumbani, bila malipo. Miaka ikaisha lengo likiwa mbali, na pampu nyingi zimenyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri. Zilikuwa pampu za serikali, na cha serikali kikiharibika, serikali ndiyo husubiriwa. Sera ya Maji ya 2002 ikageuza mambo: kijiji kichangie ujenzi, kimiliki mradi, kilipie uendeshaji.

Hoja ya kukipa kijiji mradi ni nzito. Mhandisi anayeshuka kwenye gari asubuhi na kuondoka jioni hajui kisima kipi hugeuka chumvi kiangazi kikikolea, wala kwamba bomba likipita njia ya ng'ombe halitaiona masika. Kina mama wachota maji wanayajua yote hayo. Tatizo ni namna wanavyoulizwa. Taarifa za miradi hupenda kusema wananchi "wameshirikishwa", na kitenzi chenyewe kinawasuta: aliyeshirikishwa ametendewa. Ameitwa mkutanoni, ramani ikiwa imeshachorwa. Ametia saini karatasi ya mahudhurio, amekunywa soda, amepigwa picha. Hata mipango ya Fursa na Vikwazo, ambako kijiji huibua vipaumbele vyake, hufika wilayani na kukuta ukomo wa bajeti umeshapangwa.

Lakini tusiisifu mno kamati ya kijiji. Wajumbe wake ni wakulima wanaojitolea, nao wanatakiwa kusimamia pampu ya sola, inveta inayoubadili umeme wa sola uendeshe pampu hiyo, na daftari la fedha. Inveta ikiungua, fundi yuko mjini na sanduku la kamati halina kitu. Pengine fedha zililiwa, pengine hazikuwahi kutosha. Kumwita mjumbe huyo "mmiliki" ni kumtwika mzigo kichwani na kuondoka.

Sheria ya Huduma za Maji ya 2019, iliyoianzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ililiona hilo. Vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, CBWSO, vinatakiwa kuwa na watendaji wenye ujuzi, na vingi vidogo vimeunganishwa ili makusanyo ya vijiji kadhaa yaweze kumlipa fundi na mhasibu. Mimi nauunga mkono mshahara wa fundi bila kusita. Kujitolea hakufungui pampu.

Ninachohofia ni umbali. Kijiji kina mkutano mkuu, ambao kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ndiyo mamlaka yake ya juu. Humo mwenyekiti huulizwa ana kwa ana, tena na shangazi yake, fedha zimekwenda wapi. Chombo cha vijiji sita hakina shangazi. Kina wajumbe na ofisi iliyo kijiji cha tano, na mchotaji hukutana nacho pale kilulani tu, anapolipia ndoo.

Basi mhasibu aajiriwe, vijiji viungane, ila hesabu zirudi kusomwa katika mkutano mkuu wa kila kijiji, na mkutano uwe na haki ya kuzikataa. Kati ya vikao, ubao wa chaki unatosha pale kilulani: ndoo zilizouzwa mwezi huu, shilingi zilizopatikana, kipuri kilichonunuliwa na bei yake.