Chumba cha kuvutia sigara hakimlindi mhudumu

Juni na Julai baridi ya Arusha inabana, madirisha ya baa yanafungwa, na mhudumu wa kaunta anavuta sigara za wateja wote bila kushika hata moja. Mwenye baa akiulizwa, anasema ameweka feni. Basi tupime.

Kifaa cha leza kinachohesabu chembe laini zinazoelea hewani, PM2.5, kinatosha kuanzia. Anza nje kwa dakika 30, kisha kiweke ndani kama mita 1.2 kutoka sakafuni, mbali na mlango na dirisha, kikirekodi kila dakika. Kila robo saa hesabu sigara zinazowaka na uandike saa. Pima na ukubwa wa chumba: sigara 3 kwenye kijichumba cha mita za ujazo 60 si sawa na sigara 3 ukumbini.

Kinachovuruga wengi ni jiko la nyama choma. Kifaa hakitofautishi moshi wa mkaa na wa sigara, vumbi nalo kinalihesabu, na ukungu wa asubuhi unapandisha namba kwa sababu chembe zinanyonya unyevu. Kwa hiyo pima pia muda ambao jiko linawaka na hakuna anayevuta. Mwenye baa akiendelea kubisha, tundika kichujio kinachonasa nikotini ya hewani wiki nzima kisha kipeleke maabara. Mkaa hautoi nikotini.

Kiwango cha WHO cha 2021 cha PM2.5 ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Usikilinganishe na namba ya dakika moja. Angalia zaidi tofauti ya ndani na nje. Na kuwa chini ya 15 si ruhusa ya kuvuta, maana moshi wa tumbaku hauna kiwango salama.

Kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ileile. Kichuja hewa cha HEPA kinanasa chembe, gesi zinapita. Chumba maalumu cha kuvutia ndicho kinachoniudhi zaidi: mlango ukifunguliwa moshi unatoka, na mhudumu huyohuyo ndiye anayeingia kupeleka bia na kukusanya chupa. Tanzania iliridhia Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na mwongozo wa ibara ya 8 unasema wazi kwamba vyumba hivyo havilindi watu.

Toa visahani vyote vya majivu ndani. Jenga banda lisilo na kuta, mita 10 hivi kutoka milangoni na madirishani, upande ambao upepo hauurudishi moshi ndani. Baada ya wiki mbili pima tena, siku ileile na saa zilezile. Namba isiposhuka, kagua stoo na vyoo vya nyuma.