Jamvi la Mifuko Saba

Programu yetu ya makadirio ya ujenzi ilikuwa na visanduku vitatu: urefu, upana, unene. Kipimo hatukuandika. Sisi tulisoma kwa mita, tukaijaribu kwa mita, ikatoa majibu matamu. Tukasahau kwamba fundi wa Dar es Salaam anahesabu nondo kwa milimita, tofali kwa inchi, chumba kwa futi na mchanga kwa tripu.

Nikaenda Goba kumuuzia mkandarasi mmoja mtu mzima. Siku hiyo alikuwa anajiandaa kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, la chumba cha futi 12 kwa 10, unene inchi 4. Fundi wake akashika simu yangu, akaandika 12, akaandika 10. Kwenye unene akasita. Mjuaji mimi nikadakia, kwa mita: "Weka 0.1."

Zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hula kama mifuko sita na kitu ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba kile kilitaka mita 1.1 hivi, yaani mifuko 7. Programu ikaona ukumbi wa harusi: mita 12 za ujazo, mifuko 76. Nikamwonyesha mzee kioo, kidole gumba kimeifunika ile 6.

"Saba," fundi akasoma. "Haijakosea."

Kwa madaha nikabonyeza *Agiza*. Ili onyesho linoge, nilikuwa nimeweka namba ya duka la kweli.

Saa nane Fuso likapanda kilima, matairi yakiteleza kwenye tope la masika. Makuli walipofika mfuko wa ishirini, mzee akaniita pembeni.

"Kijana wangu, unanijengea ghorofa?"

Duka halikutaka kusikia habari ya kurudisha: mzigo ukishashuka ni wako. Mzee akalipia 7 zake. Zile 69 zikawa mali ya kampuni, na wingu linatanda. Saruji ikinyonya unyevu inaganda humohumo mfukoni, kwa hiyo tukatandika mbao chini, tukapanga mbali na ukuta, si zaidi ya mifuko kumi kwenda juu, tukafunika turubai. Nikalala hapo na mlinzi.

Usiku nikarekebisha programu: lazima uchague futi au mita kwanza, na chumba kikizidi mita 8 inakuuliza kama una uhakika. Ikamuuliza hata mlinzi, aliyekuwa anapima banda la kuku.

Mifuko 69 iliisha kwa siku nne, rejareja. Kuna wateja bado wananipigia. Wa programu, hapana. Wanauliza mzigo mwingine unashuka lini.